Mtu wa Issuna

Watu wa Issuna watanisamehe. Hawana kosa lolote, na tangu nizaliwe sijagombana na mtu wa huko. Tuliwachagua kwa sababu moja tu: hakuna mtu wa Issuna aliyewahi kukaa barazani kwangu.

Baraza lenyewe liko Mwankoko, nyumba ya bati jekundu. Ukifika uliza kwa Mama Tamimu, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha. Mume wangu Shamte ananunua vitunguu mashambani na kuvisafirisha, na kabla havijaingia kwenye magunia lazima vikatwe majani na mizizi, vilivyooza vitupwe. Kazi ya wanawake hiyo. Msimu ukifika baraza linajaa: Editha wa nyumba ya pili, Theodora, Maryam mke wa seremala, wifi yangu Rukaya akitoka kazini, na mwingine yeyote mwenye kisu na nafasi. Mikono inakata, midomo nayo inafanya kazi yake. Mimi nikiamka nikakuta mkeka hauna mtu, najisikia kama nimefiwa.

Lakini umbea nao una adabu zake. Zamani kidogo tulikuwa tunatajana majina, tukafikishana kwa balozi, wawili wakavunjiana vyombo. Nikaweka sheria: barazani kwangu hatajwi mtu. Una neno la jirani, la mkwe, la shoga yako, liseme, ila mtenda aitwe mtu wa Issuna.

"Mmesikia? Mtu wa Issuna kauza mbuzi wa mama mkwe wake, kasema kaliwa na fisi."

Wanaojua wanajua, wanacheka chini chini huku Theodora akijifanya anatafuta kisu chake. Asiyejua anaondoka na hadithi tamu ya mtu wa mbali. Hata mwenye jambo lake mwenyewe alikuwa anapata pa kulitua. "Kuna mtu wa Issuna anachoma sindano ya kuzuia mimba kwa siri, na mumewe anafunga na kuomba dua wapate mtoto." Maryam ndiye aliyelisema hilo, kainamia kitunguu, machozi yanamtoka. Nani angejua ya kitunguu ni yapi na yake ni yapi.

Basi miaka yote hiyo tulikuwa tunamtwika mtu wa Issuna. Wizi wake, uongo wake, waume za watu wake. Hakuwahi kulalamika.

Rukaya ndiye aliyeileta ile akili unde. Yeye anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale mjini, mambo ya simu anayajua.

"Wifi, wewe una hadithi kuliko redio," aliniambia. "Mbona huandiki ukawatumia watu kwenye kundi?"

"Aandike nani? Mie niliishia la saba, na hilo la saba nilikuwa naenda kwa ajili ya uji."

"Huandiki wewe. Unaiambia simu, yenyewe inaandika."

Akaniwekea. Unabonyeza, unaongea, inakujibu kwa maandishi, tena Kiswahili kilichonyooka kama cha mtu aliyesomea ualimu. Ukimaliza kusoma inakuuliza, "Ungependa niendelee?" Adabu hiyo sijaiona hata kwa wanangu. Wanawake wakaipa jina Karani.

Nikampa Karani kila kitu. Niliiegemeza simu kwenye debe, nikawa nakata vitunguu huku nasimulia. Mtu wa Issuna alifanya hivi, mtu wa Issuna alifanya vile. Sikutaja jina la mtu hata mara moja, sheria ni sheria. Nilipoona nimemwaga vya kutosha nikasema, "Haya Karani, tutungie hadithi."

Kosa likawa hapo. Yeyote wa baraza letu angejua kwamba hao ni watu chungu nzima. Karani hakuwa wa baraza letu. Yeye aliona mtu mmoja.

Rukaya akatusomea. "Yunisi alikuwa mwanamke wa Issuna, mrefu, mkono wake wa kushoto ndio wa kazi, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza kama ni kweli."

Tulianza kwa kucheka. Kufika kwenye mbuzi Theodora mwenyewe alicheka akajipiga paja. Halafu kicheko kikaanza kukauka. Maana Karani alikuwa amelishona kila jambo na jenzie, hili likazaa lile, mpaka ukamwona kabisa huyo Yunisi, anaamka asubuhi na kukuta mlangoni kwake kosa jipya ambalo hakumbuki kulitenda. Analiokota. Analiweka ndani. Anafagia. Kesho analikuta lingine.

"Masikini," alisema Editha, akaacha kukata.

Tukaituma kwenye kundi letu la Wasapu. Lilikuwa kundi la watu wa mtaa na ndugu zao, likawa la mkoa mzima. Watu wa Kiomboi, watu wa Kinampanda, sijui nani kamwunganisha nani. Kila sehemu mpya ya hadithi nikituma, simu inalia mpaka jioni. Barazani watu wakawa wanakaa mpaka kwenye ngazi. Nakwambia nilinenepa kwa raha.

Siku moja Karani akaandika kwamba Yunisi aliyakusanya yote yaliyojaa nyumbani mwake, akayafunga kwenye mashuka, akayabeba. Akasema mlangoni kwake, kwa sauti ya kawaida tu, "Haya si yangu. Nayarudisha kwa wenyewe." Akashika njia kwa miguu kuja Singida mjini.

"Hilo umemwambia wewe?" Rukaya aliuliza.

"Sijamwambia."

"Basi kabuni mwenyewe. Ndiyo kazi yake."

Kwenye kundi wakafurahi. Mmoja akaandika: Mama Tamimu mwambie apande gari, miguu itamwuma. Mwingine akaandika: Mimi niko Issuna sasa hivi, nimekuja msibani. Huku huyo mama hawamjui. Ila kuna kibanda wananionyesha, wanasema mwenyewe kahama wiki hii. Akamalizia na vikatuni vya kucheka. Na sisi tukacheka.

Sehemu iliyofuata, Yunisi alifika kwenye nyumba yenye tenki la bluu lililopasuka ubavuni. Hakubisha hodi. Alifungua mzigo, akatoa kengele ya mbuzi, akaining'iniza kwenye komeo, akaondoka.

Nilimtazama Theodora. Kajikata kidole na hajui kama kajikata. Tenki la bluu lililopasuka ni lake, na mimi kwa Karani sikuwahi kutaja tenki.

Kesho yake alikuja mapema kuliko wote. "Mama mkwe kaamka," akasema, "hata uji hajanywa, kaniuliza: yule mbuzi wangu, fisi alimla na kengele yake?"

Rukaya akaangua kicheko.

"Usicheke, Rukaya. Mbuzi huyo hajamtaja tangu Mughwai wangu ananyonya. Sasa hivi Mughwai ana ndevu. Kwa nini leo?"

"Si amesikia watu wanasimulia."

"Mama mkwe ni kiziwi."

Hapo kila mtu akarudi kwenye kitunguu chake.

Kisha ikawa zamu ya Maryam. Yunisi alipita kwenye nyumba yenye maranda ya mbao uani, akaacha kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi safi, juu ya kizingiti. Mume wa Maryam, yule seremala mpole asiyeongea na mtu, asubuhi yake alimwomba mkewe kadi ya kliniki. Kwa upole vilevile. Maryam sasa yuko kwao Manyoni, na haijulikani kama atarudi.

Rukaya alikuwa na maelezo. "Mumewe yuko kundini, wifi. Kajiunga mwenyewe. Ulisema seremala?"

"Nilisema mume anayefunga na kuomba dua."

"Basi na Singida nzima mume anayefunga ni mmoja?"

Hakucheka lakini.

Nikasema naacha. Nafasi ya Maryam mkekani ilikuwa inanitazama. Lakini kabla sijaacha, mchana mmoja Editha alikuja peke yake, hakuleta kisu. Nimemfahamu Editha tangu sote tuna viuno vyembamba. Ni Mnyaturu wa watu, mjane, ana mtoto mmoja tu, Stanley, na huyo Stanley ndiye anayeendesha gari la vitunguu la mume wangu. Kijana wa shikamoo na kuinama. Hata mizigo ya majirani anabeba bila kuombwa.

Editha alikaa, akavuta kanga. "Mama Tamimu. Langu limo?"

Nikaokota kitunguu, nikaanza kukikata.

"Nakuuliza langu limo humo kwenye simu?"

"Sikutaja jina, Mama Stanley."

Aliliangalia lile debe ninaloegemezea simu. Jambo lake tulikuwa tunalijua wawili tu, na aliniambia bila kumsingizia mtu wa Issuna, aliniambia kwa mdomo wake: kwamba Stanley hakumzaa. Alikuwa stendi, binti mmoja akamwomba amshikie mtoto anunue sabuni dukani. Editha akashika. Magari yakaondoka, mengine yakaja, jua likashuka, binti hakurudi. Editha wakati huo alikuwa ameolewa miaka na hana hata mimba ya kuharibika. Hakwenda polisi. Alikwenda kwa mama yake Kinampanda, akakaa huko muda mrefu, akarudi Mwankoko na mtoto mgongoni. Tulimpigia vigelegele wote. Marehemu mumewe alikufa akijua ana damu yake.

Na mimi, siku moja baraza limekauka hadithi, nikamwambia Karani: kuna mtu wa Issuna aliyechukua mtoto wa mwenzie stendi.

"Nilikuwa nitamwambia," Editha alisema. "Najua lazima nimwambie, mtoto mwenyewe ameanza kutaka kuoa. Lakini nimwambie mimi. Kwa maneno yangu. Nisiletewe mlangoni kama kengele ya mbuzi, Stanley akaikuta yeye."

Siku ileile niliichukua simu nikamwambia Karani: yule mtoto wa stendi mtoe. Futa. Hayumo.

Akajibu kwa adabu: "Sawa, nimeondoa sehemu ya mtoto. Hii hapa sehemu inayofuata." Nikaisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno. Yunisi alikuwa ameshapita Ikungi. Mashuka yalikuwa yameisha karibu yote, kila kosa limepata mwenyewe. Kilichobaki alikuwa amekibeba mgongoni, kimefunikwa kwa kanga, na Karani hakusema ni nini. Alisema tu kwamba kilikuwa kizito, na kwamba kilikuwa kinapumua.

Nikamwambia: mgeuze, arudi Issuna. Akaandika kwamba Yunisi aligeuka, akatembea kwa bidii kuelekea kwao, na alipoinua macho aliiona Mwankoko mbele yake. Nikamwambia: muue. Akaandika kwamba Yunisi aliugua njiani akafa chini ya ukuta wa mtu, watu wakamfunika. Sehemu ikaisha. "Ungependa niendelee?" Nikasema hapana. Nikaizima simu nikaitia kwenye pipa la mchele. Nilipoitoa, chini ya lile neno langu hapana palikuwa na mstari mmoja mpya: "Yunisi akaamka, akajifunga kanga vizuri, akauliza kama bado ni mbali."

Rukaya alifuta mazungumzo yote mbele yangu. Alinionyesha kwa kidole kwamba kile kitu kina kumbukumbu, akaifuta na kumbukumbu. "Sasa haijui chochote, wifi. Ni kama imezaliwa leo. Iambie itunge hadithi ya sungura."

Nikasema, "Karani, tutungie hadithi ya sungura."

Rukaya alisoma kwa sauti. "Hapo zamani palikuwa na sungura aliyeishi kando ya barabara iendayo Mwankoko. Siku moja akamwona mwanamke mrefu anakuja, amebeba..." Akaishia hapo. Akaiweka simu kifudifudi juu ya magunia, akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu.

Sikutuma tena kitu kwenye kundi. Watu wakalalamika, wakatukana, wakaomba. Leo amefika wapi? Mama Tamimu usitufanyie hivyo. Yule mtoto ni wa nani? Hakuna mtu aliyekuwa ameambiwa habari za mtoto. Sehemu hiyo niliisoma peke yangu.

Hata Stanley aliniuliza. Kaja kupakia magunia, kaniinamia, "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu."

"Hadithi mmeikatisha patamu. Huyo aliyebebwa mgongoni ni wa nani?"

"Nani kakwambia kuna aliyebebwa?"

Akashangaa. "Si ndivyo ilivyo?"

Mama yake alikuwa ameshika kitunguu. Akakikata, akaendelea kukikata, mpaka kikaisha mkononi.

Siku mbili hazikupita, Stanley akarudi na gari kutoka mashambani, saa za adhuhuri, jua limesimama juu ya bati. Hakushuka haraka kama kawaida yake. Tulikuwa watatu barazani: mimi, Editha, Rukaya aliyekuwa kapumzika siku hiyo. Alikuja akakaa kwenye ngazi.

"Nimekutana na mama mmoja hapa juu, karibu na njia panda," akasema. "Ananiomba lifti. Nikamwambia mama, gari limejaa, hata mbele kuna mizigo. Akasema si neno, amebakiza kidogo. Amebeba mtoto mgongoni, sijui kama ni mtoto, kanga imemfunika."

"Mfupi, mrefu?" Rukaya aliuliza, sauti yake ndogo.

"Mrefu. Akaniambia, Stanley, mama yako hajambo?" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka na wengine wacheke. "Simjui, mama. Wewe unamjua?"

Editha alifungua mdomo. Nilimwona kabisa akitafuta neno la kuanzia, na neno halikuja, akabaki vile mdomo wazi mbele ya mwanawe. Nikajua hapo kwamba yule akifika kwanza, Editha hatasema tena maisha yake yote. Atakuwa amesemewa.

"Stanley," nikasema, "kapeleke gari kwa baba yako Shamte sokoni. Sasa hivi."

"Nakula kwanza, mama mkubwa."

"Utakula huko."

Gari lilipoondoka nikaichukua simu. Editha akanishika mkono. "Unafanya nini?"

"Tumekuwa tunamfukuza," nikasema. "Tunamgeuza, tunamuua, tunamfuta. Mtu katembea toka Issuna na mzigo, na kati yetu nani kampokea?"

Maana ndivyo tulivyolelewa, Muislamu, Mkristo, Mnyaturu, Mnyiramba, hilo halina kabila. Mtu akitokea njiani na mzigo huulizi unakwenda kwa nani wala umekuja na nini. Unatoka, unampokea mzigo. Ukishaupokea, mzigo ni wako mpaka yeye mwenyewe auombe. Hata kama ni adui. Mimi mwenye baraza la watu wote, mimi ninayelia mkeka ukikosa mtu, huyu mmoja niliyemtwika miaka yote nilikuwa namfungia mlango.

Nikabonyeza. "Karani. Andika hivi. Kabla hajafika kwa Editha, Yunisi alipita kwa Mama Tamimu, nyumba ya bati jekundu. Mama Tamimu akatoka nje. Akamwambia karibu. Akampokea mzigo."

Tulisubiri. Huwa anajibu upesi, maneno yanamiminika. Safari hii yalikuja moja moja, kama ya mtu anayeandika kwa mkono.

"Mama Tamimu akampokea mzigo. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Hakuufungua."

Kisha, badala ya kuuliza kama ningependa aendelee, akauliza: "Atalala chumba gani?"

Rukaya akasema, "Wifi, usijibu."

Nikajibu. "Cha Tamimu. Mwanangu yuko Dodoma, kitanda kipo kitupu."

"Asante," akaandika. "Amefika."

Hakuna hodi iliyobishwa. Kuku walikuwa wanachakura, wakaacha. Editha, ambaye simu hakuwa anaiona, maana nilikuwa nimeielekeza kwangu, alisogea kidogo kwenye mkeka, akakusanya kanga yake, kama tunavyofanya sote mtu mwingine akitaka kukaa. Sidhani kama alijua kwamba amesogea. Bega langu la kulia likaanza kuuma hapo hapo, na mpaka leo linauma.

Chakula nilipakua sahani moja zaidi. Shamte aliuliza ya nani, nikamwambia ya mgeni. Hakuuliza tena, mume wangu kazoea wageni. Tamimu akipiga simu ananiuliza nani anakohoa chumbani kwake, namwambia ni redio ya jirani. Chumba hicho nafagia mlangoni tu. Siku zile za kwanza nikipita ubavuni nilikuwa nasikia pumzi mbili: moja ya mtu mzima, nyingine ndogo, ya haraka haraka.

Jumapili iliyofuata Editha alitoka kanisani na Stanley, hawakupita kwangu. Theodora aliwaona, akaja mbio kuniambia, kwamba wameelekea stendi, mama kamshika mtoto mkono kama wa chekechea, na wamekaa pale kwenye benchi wala hawapandi gari. Siku nyingine ningechukua kanga nikaenda kuona. Nilikaa. Sijui alimwambia nini wala kwa maneno gani, na sijauliza.

Walirudi jua limelala. Stanley macho mekundu, lakini alikuwa kabeba mkoba wa mama yake begani. Alikuja barazani kutusalimia.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba."

"Shikamoo mama Mughwai."

"Marahaba baba," akasema Theodora.

Kisha akageukia ile nafasi kati yangu na ukuta, ambayo haina mtu, akainama vilevile. "Shikamoo."

Theodora akanitazama. Mimi nikatazama chini. Editha ndiye aliyewahi, akaitikia kwa niaba, taratibu, "Marahaba mwanangu," na Stanley akaenda zake ndani kwao, wala hakuona kama kafanya jambo.

Nilipopita mlango wa chumba cha Tamimu, ile pumzi ndogo haikuwepo. Ile kubwa ilikuwepo. Nilikuwa nimefikiri mzigo ukiisha mwenye mzigo ataondoka. Lakini aende wapi? Kule alikotoka tulimpeleka sisi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu hapa jembe ni kisu. Niliweka kisu kimoja pembeni ya mkeka, pale karibu na ukuta, na rundo dogo la vitunguu. Asubuhi nilikuta rundo limekatwa lote, majani huku na mizizi kule, safi kuliko nifanyavyo mimi. Rukaya alikiokota kimoja akakigeuza geuza kwenye mwanga.

"Huyu aliyekata," akasema, "anatumia kushoto."

Akakirudisha. Ile akili unde kaitoa kwenye simu yangu, na kwenye yake.

Baraza bado linajaa. Ukipita utatukuta, karibu, usiogope. Vitunguu siku hizi vinaisha mapema, Shamte anafurahi. Ila maongezi yamekuwa ya mvua, na bei ya alizeti, na nani anaumwa. Juzi tu Theodora alijisahau. Aliweka kitunguu chini, akajifuta mikono, macho yakamng'aa kama zamani, akainama katikati yetu.

"Jamani mmesikia? Kuna mtu wa..."

Kisu kule karibu na ukuta kikaacha kukata. Kumbe muda wote tulikuwa tunakisikia.

Theodora akachukua kitunguu kingine.